Batri ya jenereta: namna ya kuizuia isife wakati haitumiki

Katika Lubumbashi jenereta ya kuwasha kwa ufunguo imekuwa kitu cha kila siku. Iko kwenye duka la dawa katika komini ya Kenya, kwenye salo ya kusuka nywele Katuba, kwenye baa ya Kamalondo, kwenye kituo cha afya Ruashi na nyuma ya maofisi ya katikati ya mji. Mtu anazungusha ufunguo, mashine inawaka, hakuna kuvuta kamba hadi bega liume. Lakini wenye jenereta hizo wanajua pia upande wa pili: umeme unakatika, ufunguo unazungushwa, na kinachosikika ni tik-tik-tik tu. Batri imekufa.

Kwenye salo, hiyo ni hasara ya mteja mmoja au wawili. Kwenye chumba cha kuzalia, ambako mama yuko mezani saa nane ya usiku na taa imezimika, ni neno lingine kabisa. Na mara nyingi batri iliyogoma haikuwa mbovu. Iliachwa iishe yenyewe, polepole, siku ambazo hakuna aliyekuwa anaiangalia.

Makala hii inaeleza kwa nini batri ya jenereta inaisha wakati haitumiki, namna ya kutafuta shida iko wapi, na mambo ambayo mtu anaweza kufanya mwenyewe kwa vifaa vya bei ndogo.

Mji wa madini, nyumba za giza

Umeme wa Lubumbashi unatoka kwenye SNEL, kampuni ya taifa iliyoundwa mwaka 1970. Mitambo mikubwa ya Katanga ni ya zamani kuliko kampuni yenyewe: Mwadingusha kwenye mto Lufira ilianza kazi mwaka 1930, kiisha ikafuatwa na Koni kwenye mto huohuo, pia Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba upande wa Kolwezi. Mwaka 1982 ilikamilika laini ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita karibu 1,700. Laini hiyo ilijengwa hasa kwa ajili ya migodi.

Migodi inavuta umeme mwingi, watu wa mji wanaongezeka, nyaya na kabini za mitaa zinazeeka. Ndiyo maana delestaji imezoeleka: mtaa unapata umeme kwa zamu, na wakati mwingine hata zamu hiyo haifuatwi. Bukavu, Goma, Kalemie na Bunia kila mji uko na mitambo yake na shida zake, lakini sauti ya jenereta jioni inajulikana kote mashariki.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalitegemei. Batri ya jenereta huwa inafa wakati umeme uko sawa. Delestaji ikiwa ya kila siku, jenereta inawashwa kila siku na batri inapata chaji yake. Umeme ukikaa vizuri wiki tatu au nne, jenereta inasahaulika kwenye kona ya lupango. Siku umeme unakatika tena, ndiyo siku inayoonekana kwamba batri imekwisha.

Batri hiyo inafanya kazi gani

Kazi kubwa ya batri ni kuzungusha demarere, yaani ile mota ndogo inayosukuma injini hadi iwake. Jenereta za esansi za nyumbani huwa na batri ndogo ya volti 12, ya ukubwa wa batri ya pikipiki: ampere-saa 7, 9, 12 au zaidi kidogo. Za mazuti huwa na batri kubwa zaidi, kwa sababu injini yake ni nzito kuzungusha. Karibu zote ni batri za risasi na asidi. Kuna aina mbili sokoni: ile ya vifuniko, ambayo inaongezwa maji, na ile iliyofungwa kabisa, ambayo haifunguliwi.

Injini ikishawaka, sehemu ndogo ya umeme inarudishwa kwenye batri. Sehemu hiyo mara nyingi ni ndogo sana, kwenye mashine nyingi ampere 1 hivi au zaidi kidogo. Hapo ndipo hesabu yote inaanzia.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Watu hudhani kuwasha jenereta ndiko kunakomaliza batri. Tuchukue mfano wa batri ya ampere-saa 9. Demarere ikivuta ampere 100 kwa sekunde 3, imekula kama ampere-saa 0.08. Hiyo haifiki hata sehemu moja juu ya mia ya batri. Injini ikirudisha ampere 1, deni hilo linalipwa ndani ya dakika 5.

Sasa tuangalie kitu kidogo kinachovuta bila kelele: saa ya kuhesabia masaa ya kazi, kipokezi cha rimoti, au ubao wa elektroniki usiozimika. Tuseme vyote pamoja vinavuta miliampere 20. Kwa siku moja ni ampere-saa 0.48. Kwa siku 9 nusu ya batri imekwenda, na hakuna mtu aliyegusa ufunguo.

Kwa hesabu hiyo, desturi ya kuwasha jenereta dakika 30 kila wiki ili batri isife haitoshi ikiwa kuna uvujaji. Dakika 30 za ampere 1 zinarudisha ampere-saa 0.5, yaani zinalipa deni la siku moja tu. Siku sita zilizobaki ni hasara, na esansi imeungua bure. Uvujaji unatafutwa kwanza, kiisha ndiyo kuwasha kwa mazoezi kunakuwa na faida.

Sababu zinazoua batri

*Ufunguo kubaki umefunguliwa.* Hii ndiyo sababu ya kwanza kabisa. Jenereta inamaliza esansi usiku, inazima yenyewe, kila mtu analala. Ufunguo bado uko kwenye alama ya ON. Vilevile kuna anayezima kwa kufunga robine ya esansi, au, kwenye mashine ya mazuti, kwa kuvuta ule mkono wa kuzimia, bila kurudisha ufunguo. Taa ndogo za ubao na valvu ya umeme kwenye kabureta vinaendelea kuvuta. Kikiwa kinavutwa nusu ampere, kwa masaa 10 ni ampere-saa 5. Batri ya 9 inaamka asubuhi ikiwa chini ya nusu.

*Batri kukopeshwa.* Kwenye lupango nyingi batri ya jenereta inafungwa taa ya usiku ya zamu, redio, au chaja ya simu za majirani. Batri ya kuwashia haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Iko tayari kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa mara moja. Ikimalizwa kabisa mara kumi au kumi na tano, inaharibika.

*Vitu vinavyovuta hata ufunguo ukiwa umefungwa.* Jenereta zenye rimoti ndizo zinaongoza, kwa sababu kipokezi kinasikiliza mchana na usiku. Pia diodi mbovu kwenye sehemu ya kuchaji inaweza kurudisha umeme nyuma, kutoka kwenye batri kwenda kwenye waya za jenereta.

*Kuzungusha injini isiyotaka kuwaka.* Mtu akijaribu mara kumi, kila mara sekunde 5, anaweza kumaliza ampere-saa 1.4, na kwa batri ndogo inayovutwa kwa nguvu hasara ni zaidi. Mara nyingi batri si kosa lake: esansi imezeeka ndani ya kabureta, buji imejaa masizi, choki haikuvutwa, au mafuta ya injini yamepungua na kifaa cha ulinzi kinakataza cheche. Hapo injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, na mwenye jenereta anaendelea tu kuzungusha.

*Uchafu.* Vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na mvuke wa asidi au unyevu wa mvua linatengeneza njia ndogo ya umeme juu ya batri, kati ya chanya na hasi. Na ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya batri unazuia chaji kuingia.

*Chaji isiyofika.* Fizibu ndogo ya upande wa kuchaji ikiungua, jenereta inatoa umeme wa nyumba kama kawaida, lakini batri hairudishiwi hata kidogo. Mwenye jenereta ananunua batri mpya, nayo inaisha baada ya wiki chache, ananunua nyingine. Shida ni fizibu ya bei ya chupa ya soda.

*Batri yenyewe kuzeeka.* Batri yoyote ya risasi inapoteza nguvu kidogo hata ikiwa haikufungwa popote, kama asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi kwa batri iliyofungwa ambayo ni nzima. Joto linaongeza mwendo huo: kila nyuzi 10 zaidi, hasara inakaribia kuwa mara mbili. Batri nzima inaweza kukaa miezi mitatu na bado iwashe. Ikiisha kwa wiki mbili, kuna sababu, na sababu hiyo inatafutika.

Kusoma hali ya batri

Kifaa cha lazima ni multimetri. Ile ya bei ndogo inayouzwa sokoni inatosha. Batri inapimwa ikiwa imepumzika, masaa machache baada ya kuchajiwa au kutumiwa, kwa sababu batri iliyotoka kwenye chaja inaonyesha volti za udanganyifu.

- Volti 12.6 hadi 12.8: imejaa.
- Volti 12.4: imebaki kama robo tatu. Inafaa kuchajiwa.
- Volti 12.2: nusu.
- Volti 12.0: robo. Ni hatari.
- Chini ya 11.8: imekwisha.

Haifai kungoja ifike chini. Batri ya risasi ikikaa chini ya 12.4 kwa wiki nyingi, ndani yake kunaota fuwele ngumu juu ya sahani za risasi. Fuwele hizo hazirudi tena kuwa umeme. Mtu anachaji usiku mzima, batri inaonyesha imejaa haraka, lakini ikivutwa mara moja inaanguka. Ndivyo batri ya miezi sita inavyokuwa mzee.

Kipimo cha pili kinafanywa injini ikiwa inazunguka. Kwenye vichwa vya batri volti zinapaswa kupanda, kwa kawaida kati ya 13.5 na 14.5. Zikibaki pale zilipokuwa, chaji haifiki: aangalie fizibu, kiisha waya, kiisha diodi. Zikipita 15, regulateri ni mbovu na batri inachemka.

Kutafuta uvujaji uko wapi

Kuna njia ambayo haihitaji ufundi mkubwa. Batri ichajiwe ijae, ipumzike masaa machache, ipimwe na namba iandikwe. Kiisha itolewe waya wa hasi na iachwe siku nne au tano bila kufungwa popote. Ipimwe tena.

Volti zikiwa zimeshuka sana, batri yenyewe imekufa ndani. Hakuna haja ya kumsumbua fundi wa jenereta. Volti zikiwa karibu palepale, batri ni nzima na mwizi yuko ndani ya jenereta.

Kumtafuta mwizi, multimetri inawekwa kwenye ampere, alama ya 10 A, na waya wake mwekundu unahamishwa kwenye tundu la 10 A. Ufunguo wa jenereta uwe umefungwa. Waya wa hasi wa batri unatolewa, na multimetri inawekwa katikati: ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha batri, nyingine kwenye waya uliotolewa. Umeme wote unaovuja sasa unapita ndani ya multimetri na namba yake inaonekana.

Jenereta isiyo na rimoti wala ubao wa elektroniki inapaswa kuonyesha sifuri au karibu na sifuri. Ikionyesha miliampere 10, 20 au 50, vitu vinatolewa kimoja kimoja: fizibu, kipokezi cha rimoti, saa ya masaa, mwishowe waya wa sehemu ya kuchaji. Pale namba inapoanguka, ndipo shida ilipo.

Onyo moja tu: multimetri ikiwa katikati hivyo, ufunguo usizungushwe kamwe. Demarere inavuta ampere nyingi kuliko kifaa hicho kinavyoweza kubeba, nacho kitaungua palepale.

Kuzuia: kazi ya dakika mbili

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni kukata waya wa hasi jenereta ikikaa bila kazi kwa zaidi ya wiki moja. Ufunguo wa spana namba 10 unatosha kwa batri nyingi ndogo. Anayechoka kufungua na kufunga anaweza kuweka swichi ya kukata batri, ile inayofungwa kwenye kichwa cha hasi na kuzungushwa kwa mkono. Hiyo inasaidia pia kwa watoto wanaocheza na ufunguo.

Utaratibu uko hivi: wakati wa kutoa, hasi inatoka kwanza. Wakati wa kurudisha, chanya inaanza na hasi inamalizia. Chuma cha jenereta kimeunganishwa na hasi. Mtu akianza na chanya na spana yake ikagusa chuma, cheche kubwa inaruka na batri inaweza kupasuka.

Injini inayotoa umeme haitolewi batri. Bila batri, volti zinaweza kuruka na kuharibu regulateri.

Kuzima nako kuwe na desturi moja kwa watu wote wa nyumba au kazi: vitu vyote vinatolewa kwenye umeme, injini inapumzika dakika mbili tatu, ufunguo unafungwa na kutolewa, robine ya esansi inafungwa. Ufunguo ukiwa umetundikwa kwenye msumari wake ukutani, kila mtu anaona kwamba jenereta imezimwa kweli. Na mashine ikizima yenyewe usiku kwa kukosa esansi, zamu ajue kwamba kazi yake ya kwanza ni kufunga ufunguo.

Kuwasha kwa mazoezi kunabaki na maana, mara moja au mbili kwa mwezi, dakika 20 hadi 30, na mzigo kidogo kama taa na friji. Kunasaidia kabureta, kunakausha unyevu, na kunaonyesha shida kabla ya siku ya haja.

Ufunguo ukizungushwa, isipite sekunde 5. Ikikataa, mtu angoje sekunde 10 au zaidi. Ikikataa mara ya tatu, aache batri na kuangalia esansi, choki, buji na kipimo cha mafuta ya injini. Esansi iliyokaa miezi ndani ya kabureta ni adui mkubwa, na ile ya kwenye chupa za barabarani, ya akina Kadhafi, mara nyingine imechanganywa au imekaa juani.

Kutumia umeme wa SNEL wakati uko

Delestaji iko na upande mmoja mzuri: kuna masaa umeme uko. Chaja ndogo ya kutunza batri inaweza kuachwa imefungwa masaa hayo. Chaja ya namna hiyo inajaza, kiisha inashuka yenyewe na kushikilia volti 13.5 hadi 13.8. Umeme ukikatika, inazima. Ukirudi, inaendelea.

Ukubwa wake ni wa kuangaliwa. Kanuni ya mafundi ni sehemu moja juu ya kumi: batri ya ampere-saa 9 inachajiwa kwa ampere 1 hivi, ya 36 kwa ampere 3 au 4. Kupeleka batri ndogo ya jenereta kwenye kibanda cha kuchaji batri za magari, ikafungwa kwenye chaja ya ampere 20 isiyojizima, ni kuichemsha. Na kwa sababu umeme ukirudi baada ya delestaji unaweza kupanda ghafla, ni vizuri chaja ipite kwenye stabilizateri.

Pasipo na umeme wa SNEL, kama kwenye vijiji vya Kipushi, Kasenga au Pweto, paneli ndogo ya jua inafanya kazi hiyohiyo. Paneli ya wati 10 kwenye jua zuri inatoa karibu nusu ampere, na masaa 5 ya jua ni ampere-saa 2 na zaidi, kuliko uvujaji wowote wa kawaida. Iwekwe na regulateri yake: bila hiyo, mchana paneli itazidisha chaji na usiku inaweza kuirudisha nje.

Kiangazi, baridi na mvua

Lubumbashi iko juu, mita kama 1,200, na asubuhi za Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Baridi inapunguza nguvu ya batri na kufanya mafuta ya injini kuwa mazito, hivyo demarere inafanya kazi mara mbili. Mafuta ya aina 10W-30, kama kitabu cha mashine kinayakubali, yanasaidia kuliko mafuta mazito ya SAE 40. Mwezi Oktoba ni kinyume: joto linakausha maji ya batri na kuharakisha kuisha. Kwa wasikilizaji wa Kalemie na Uvira, kando ya ziwa, joto hilo ni la karibu mwaka mzima, na batri inafaa kupimwa kila wiki mbili.

Mvua ikianza, jenereta iwe chini ya paa lakini pande ziwe wazi. Vichwa vya batri visuguliwe kwa brashi na maji yenye bikaboneti, ile ya kupikia, vikaushwe na kupakwa grisi kidogo au vazelini.

Batri ya vifuniko iangaliwe maji kila mwezi. Yakipungua, yanaongezwa maji ya batri tu, yale yaliyochemshwa na kukusanywa kwa mvuke. Maji ya kisima au ya REGIDESO yana chumvi inayoharibu sahani. Na asidi haiongezwi: kinachopungua kwenye batri ni maji, asidi inabaki ndani.

Batri ikishakufa

Jenereta yenye kamba pia inaweza kuvutwa kwa mkono, isipokuwa zile ambazo valvu ya kabureta inahitaji umeme wa batri ili kufunguka. Ikiwaka, mtu asidhani batri imepona. Kwa ampere 1, batri ya 9 iliyokwisha inahitaji masaa 10 hivi. Ni afadhali ichajiwe nje.

Kuazima nguvu kwenye batri ya gari kunawezekana: volti 12 kwa 12 tu, injini ya gari ikiwa imezimwa, chanya kwa chanya, na waya wa mwisho wa hasi ukifungwa kwenye chuma cha jenereta mbali na batri. Malori mengi ni ya volti 24, na hizo zinaunguza kila kitu.

Anayenunua batri mpya aombe ipimwe palepale dukani. Ikiwa chini ya 12.4, imekaa sana kwenye rafu. Batri inayouzwa kavu na chupa yake ya asidi inapaswa kuchajiwa kabla ya kufungwa, hata kama inaonekana iko na nguvu.

Usalama na safari ya batri kuukuu

Batri inayochajiwa inatoa gesi inayowaka. Hakuna sigara, hakuna mshumaa karibu. Asidi ikigusa ngozi au jicho, ni maji mengi mara moja, dakika 15 au zaidi, kiisha hospitali. Na jenereta yenyewe haiwashwi ndani ya nyumba, ndani ya korido wala chini ya dirisha, hata kwa dakika 20 za mazoezi. Moshi wake uko na gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala.

Batri iliyokufa nayo inaenda mahali. Risasi yake inanunuliwa kwa kilo, na mara nyingi inayeyushwa kwenye moto wa wazi karibu na watoto. Mombasa, Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha batri kuukuu kiliacha sumu ya risasi ndani ya damu ya wakazi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi hao walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi inadhuru akili ya mtoto, na akili hiyo hairudi. Kwa hiyo batri inayodumu miaka minne badala ya mwaka mmoja inaokoa pesa za mwenye jenereta, na pia inapunguza moshi huo kwenye mitaa yetu. Batri kuukuu irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima, asidi yake ikiwa ndani, isimwagwe kwenye mfereji.

Ya kubandika ukutani kwenye chumba cha jenereta

1. Injini ikizima, kwa namna yoyote, ufunguo unafungwa na kutolewa.
2. Batri ya jenereta haifungwi taa, redio wala simu.
3. Kila wiki mbili: pima volti. Chini ya 12.4, chaji.
4. Ikikaa zaidi ya wiki moja: toa hasi, au zungusha swichi ya kukata.
5. Kila mwezi: safisha vichwa, angalia maji, washa dakika 30 nje ya nyumba.
6. Sekunde 5 za kuzungusha, mara tatu tu. Kiisha tafuta sababu.
7. Batri mpya ikiisha haraka, angalia fizibu ya chaji kabla ya kununua nyingine.